Kilo ngapi? Matatizo ya presha ya matairi ya pikapu kwenye njia za Goma

Ukisimama kwa kwado (fundi wa matairi) yeyote hapa Goma, Birere au Ndosho, kijana anakamata bomba la kompresa na kuuliza: "Papa, nitie kilo ngapi?" Wengi wetu tunajibu "tia ya kawaida", naye anatia tatu mbele na tatu nyuma, pikapu iwe tupu au imebeba simenti mpaka imelala. Malalamiko mengi ninayosikia kwa mashofere yanaanzia kwenye hiyo tatu. Pikapu haina kilo moja ya siku zote. Ina ya siku ya mzigo na ya siku ya kurudi tupu, na kati ya mbele na nyuma tofauti inaweza kuwa kubwa.

Tuelewane kwanza juu ya vipimo. "Kilo" ya kwado ni sawa na baa moja; tofauti yake ni ndogo mno kukusumbua. Baa 1 ni kPa 100, na ni PSI 14.5. Kwa hiyo kilo 2 ni PSI 29, kilo 2.5 ni PSI 36, kilo 3 ni kama PSI 44, na kilo 4.5 ni PSI 65. Manometa (vipima presha) nyingi zinazouzwa mjini zina mistari miwili, wa kilo na wa PSI, na nimeshaona mtu akisoma 30 ya PSI akidhani ni kilo 3.

Kabla ya kulaumu tairi, pima vizuri

Pima asubuhi, gari likiwa limelala. Kama umeshatembea, liache lipumzike saa 3, au upime kwa kwado wa karibu ambaye hujafika kilomita 2 kumfikia, tena polepole. Tairi likipata joto presha hupanda, kama kilo 0.1 kwa kila nyuzi 10 za joto, na namba zote za mtengenezaji ni za tairi baridi. Tairi lililokaa juani upande mmoja wa gari nalo litakudanganya.

Nunua manometa yako mwenyewe. Ya kwado imeanguka chini kwenye mawe mara ngapi? Siku moja nilipima tairi moja kwa manometa tatu za sehemu tatu, ndani ya nusu saa. Ya kwanza ilisema 3, ya pili 2.7, yangu 2.6. Hata kama yangu ina kosa, angalau kosa lake ni lile lile kila siku, na hilo linanisaidia kuliko namba ya mtu mwingine.

Halafu tafuta kibandiko cha mtengenezaji chenye presha za matairi. Kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva, unakiona ukifungua mlango. Pikapu nyingi za hapa zimetoka Japani na usukani uko kulia, kwa hiyo tazama mlango wa kulia. Maandishi huenda huyaelewi, lakini ukubwa wa tairi na namba za kPa zinasomeka: 240 ni kilo 2.4. Mara nyingi kuna mistari miwili, wa mzigo mwepesi na wa mzigo kamili. Angalia pia kama ukubwa wa tairi ulioandikwa pale ndio ulio nao sasa. Mwenye gari wa kwanza akiwa amebadilisha matairi, kibandiko hakikuhusu tena chote.

Namba iliyo ubavuni mwa tairi, ile yenye neno MAX, si namba yako. Ni mwisho ambao tairi linaruhusiwa kufika, likibeba uzito wake wa juu kabisa. Kutia hiyo kwenye pikapu tupu ni kosa, sawa na kutia 2 kwenye pikapu iliyojaa.

Kibandiko kikiwa kimebanduka, mimi huanzia hapa kwa pikapu ya tani moja yenye matairi ya herufi C, yaani ya kubeba mizigo (mfano 205R16C): tupu, 2.0 hadi 2.2 mbele na nyuma vilevile au juu kidogo; imejaa, 2.2 hadi 2.4 mbele, na 3.0 hadi 3.5 nyuma. Huo ni mwanzo tu. Baada ya hapo dalili zilizo hapa chini ndizo zitakuambia uongeze au upunguze.

Dalili: ikiwa tupu, nyuma inaruka na breki inateleza

Hii ndiyo ya kila siku. Umeshusha mzigo sokoni Virunga, unarudi nyumbani, nyuma inarukaruka kama mbuzi aliyekatiwa kamba, na kwenye mteremko ukigusa breki mkia unataka kutangulia.

Sababu ya kwanza, na karibu kila mara ndiyo hiyo, ni upepo wa mzigo uliobaki ndani baada ya mzigo kushuka. Tairi la kilo 3.5 bila uzito juu yake linakanyaga kwa kipande kidogo cha katikati tu. Kwenye mawe ya lava (mawe ya volkano) kipande hicho hakishiki kitu. Subiri lipoe, shusha hadi 2.2, jaribu njia ile ile.

Ya pili ni shokabsoba za nyuma zilizokufa. Kandamiza kona ya nyuma kwa nguvu na uachie: ikicheza zaidi ya mara moja na nusu, au ukiona mafuta yamelowanisha mwili wa shokabsoba, upepo hauna kosa.

Ya tatu ni springi zilizoongezwa majani. Wafanyabiashara wengi huongeza jani moja au mawili ili kubeba zaidi. Gari hilo likiwa tupu litaruka hata ukitia 1.8, na ninakuomba usishuke huko kulitafutia ulaini ambao springi zimeshauondoa.

Dalili: ikiwa imebeba, nyuma inayumba na matairi yanachoma mkono

Hapa tutulie kidogo, maana hapa ndipo watu hufa.

Gunia la viazi kutoka Masisi likiwa la kilo 100, magunia 10 ni tani nzima. Ndipo pikapu nyingi zinapofikia kikomo, kabla hujahesabu watu wanne wanaokaa juu ya magunia na mbuzi wa mama mmoja aliyeomba lifti. Uzito huo haugawanyiki sawa. Karibu wote unakaa kwenye ekseli ya nyuma, na ukipakia nyuma zaidi ya ekseli, mbele inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi, na breki za mbele zinapoteza kazi. Ndiyo maana kuongeza upepo kwenye matairi yote manne kwa pamoja hakusaidii.

Fuata mpangilio huu.

Kwanza, upepo mdogo nyuma. Simama pembeni, tazama tairi kwa nyuma. Ubavu umetoka nje kama shavu la mtoto mwenye kipande cha muhogo? Pima. Tairi likiwa na nusu ya presha yake ya juu, haliwezi kubeba uzito wake wote. Linabeba kama asilimia 60 tu. Mengine yote unayoyapakia yanageuka kuwa joto ndani ya ubavu, na joto ndilo linalopasua tairi, mara nyingi kuliko jiwe.

Pili, tairi si la kazi hiyo. Soma ubavuni. Kwenye tairi la C utakuta kitu kama 112/110: namba ya kwanza ni kwa tairi moja moja, na 112 maana yake kilo 1,120. Ukikuta 98, hiyo ni kilo 750. Hayo ni matairi ya gari dogo yaliyovishwa pikapu kwa sababu ya bei, na mengi yana MAX ya PSI 44 au 51. Hakuna upepo utakaowafanya wabebaji. Badilisha matairi au punguza magunia.

Tatu, mzigo wenyewe umepita. Ukiwa umetia presha yote ya mzigo kamili, na ubavu bado umevimba, jibu halipo kwenye kompresa.

Nne, tairi limezeeka. Tafuta herufi DOT na tarakimu nne za mwisho: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya mtumba yanayoshuka hapa yanaweza kuwa na meno mazuri na miaka 10 mgongoni. Mipasuko midogo kama ya udongo mkavu ubavuni ni dalili ya kutosha kulikataa.

Jaribio langu la njiani ni hili. Napima baridi kabla ya kuondoka, kisha baada ya saa moja napima tena. Kupanda kilo 0.2 hadi 0.4 ni kawaida. Ikipanda zaidi ya nusu kilo, tairi linafanya kazi kupita uwezo: ama upepo wa kuanzia ulikuwa mdogo, ama mzigo ni mkubwa, ama mwendo. Punguza mwendo kwanza. Usitoe upepo kwenye tairi la moto. Ukifanya hivyo, likipoa litakuwa chini zaidi ya mwanzo, na kesho litapata joto zaidi.

Simama hapo hapo na uite msaada kama unasikia harufu ya mpira unaoungua, kama tairi moja ni moto kuliko wenzake wote (inaweza kuwa breki iliyong'ang'ania au beringi), au kama umetembea hata kilomita moja na tairi lililolala kabisa. Hilo la mwisho lisijazwe na kuendelea. Nyuzi za ndani zimeshasagwa, na linaweza kupasuka usoni mwa anayelijaza. Nilishaona likipasuka kwenye barabara ya Sake. Kijana alikuwa amechuchumaa pembeni, si mbele ya ubavu, na ndiyo sababu bado anatusalimia. Anayejaza upepo asimame upande wa meno ya tairi, bomba liwe refu, na watoto wafukuzwe.

Dalili: usukani unavutwa upande mmoja

Pima matairi mawili ya mbele. Tofauti ya kilo 0.3 inatosha kuvuta gari kuelekea upande ulio chini. Yakiwa sawa na bado linavuta, kumbuka tunaendesha kulia, na barabara ya lami imeinama kidogo kulia ili maji ya mvua yatoke. Kuvutwa kidogo kulia si ugonjwa. Jaribu mahali tambarare.

Bado? Hamisha tairi la mbele kushoto liende kulia na la kulia lije kushoto, isipokuwa kama yana mshale wa mwelekeo. Uvutaji ukibadilika upande, tairi ndilo lenye kosa. Ukibaki upande ule ule, kosa liko kwenye paralelisme (mpangilio wa magurudumu) au breki. Kama gari linavuta *unapofunga breki tu*, acha mambo ya upepo na uende kwa fundi wa breki siku hiyo hiyo. Na kama lilianza kuvuta ghafla baada ya kugonga jiwe kubwa, usiliendeshe kwa kasi mpaka fundi aangalie mikono ya usukani na boli zake.

Dalili: kila asubuhi tairi lile lile limeshuka

Tairi zima lisilo na mpira wa ndani hupoteza kilo 0.05 hadi 0.1 kwa mwezi. Zaidi ya hapo kuna tundu mahali. Watu hujaza kila asubuhi kwa miezi, wakimlipa kwado pesa ambayo ingeshaziba tundu mara kumi.

Anza na kitu cha bei ndogo: valvu. Tia mate au maji ya sabuni mdomoni mwa valvu, tazama mapovu. Sindano ya ndani inakazwa kwa kifunguo kidogo au kubadilishwa. Weka pia kifuniko. Vumbi letu jeusi la lava likiingia kwenye sindano linaizuia kufunga. Kisha ukunje valvu taratibu kwa kidole: mpira wake ukiwa na mpasuko chini, karibu na rimu, mapovu yatatokea ukiukunja tu.

Halafu meno. Mwaga maji ya sabuni tairi zima, lizungushe polepole. Huku kwetu mara chache ni msumari, mara nyingi ni kijiwe cha lava kilichoingia na kukaa kama jino. Ukikitoa usiku na kwado amefunga, utalala hapo. Kiache mpaka ufike kwa kwado.

Kisha ukingo wa rimu. Rimu iliyokunjwa na jiwe, au yenye kutu mahali tairi linapokaa, inavuja pole pole na haionyeshi tundu popote. Kwado anafungua tairi, anasugua kutu kwa brashi ya chuma, anasafisha na kurudisha. Rimu ya chuma iliyokunjwa kidogo inanyooshwa. Ya alumini ikipasuka, usikubali ichomelewe ukaipeleka barabarani na mzigo.

Kuhusu kuziba: meshi ya haraka (kizibo cha kamba) inayochomekwa kutoka nje inafaa kukufikisha nyumbani, na tundu liwe kwenye meno, si ubavuni. Kiraka kilichobandikwa ndani ndicho cha kudumu. Na tabia ya kutia mpira wa ndani kwenye tairi lililochanika ubavu naielewa, tairi jipya ni ghali, lakini mpira wa ndani unazuia upepo tu; hauongezei ubavu nguvu.

Dalili: meno yanaliwa vibaya

Pitisha kiganja. Katikati pameisha kuliko pembeni: upepo mwingi kwa muda mrefu, kwa kawaida nyuma, kwa pikapu zinazotembea tupu. Pembeni zote mbili pameisha: upepo mdogo au mizigo mizito. Upande mmoja tu: paralelisme, upepo hauhusiki. Mabonde mabonde kama ngazi: shokabsoba au tairi lisilo na usawa.

Mkichukua pikapu kwa zamu, mashofere wawili au watatu, tazameni matairi pamoja. Kila mmoja ana "kawaida" yake, na tairi linakula matokeo ya wote.

Dalili: ubavu umekatwa au umevimba

Mawe ya volkano yetu, Nyiragongo, yana makali. Sehemu ya mji imekaa juu ya mtiririko wa lava wa 2002, na ule wa 22 Mei 2021 ulikata barabara ya Rutshuru upande wa Buhene. Njia nyingi za mitaani bado ni mawe hayo, yamevunjwa tu.

Watu wanaotoka kwenye nchi ya mchanga hutuambia tushushe upepo ili tairi lilale na kushika. Kwenye mchanga ni kweli. Kwenye lava, tairi lililoshushwa sana linatoa mbavu zake nje, na mbavu ndizo laini. Tena likigonga ukingo wa jiwe, linabanwa kati ya jiwe na rimu na kukatika ndani. Lililojazwa kama ngoma nalo linachomwa kwenye meno kwa urahisi, kwa sababu halikubali kukunja. Nimejaribu pande zote mbili. Ninachofanya sasa: gari likiwa na mzigo mdogo nashusha asilimia 10 tu, kutoka 2.2 hadi 2.0, natembea chini ya kilomita 20 kwa saa, na naweka tairi juu ya jiwe badala ya kulipitisha pembeni yake. Likiwa na mzigo sishushi chochote. Mwendo unaokoa matairi kuliko manometa.

Mkato usioonyesha nyuzi unaweza kuangaliwa kila siku. Mkato unaoonyesha nyuzi, au uvimbe kama yai ubavuni, ni mwisho wa tairi hilo. Lisipelekwe nyuma, lisipelekwe mbele, lisiwe la akiba. Uvimbe maana yake nyuzi zimekatika na mpira mtupu ndio unaoshika upepo.

Dalili: taa ya tairi imewaka kwenye dashibodi

Kwenye pikapu mpya kiasi tu. Pima kwa mkono yote manne, tia, tembea dakika chache. Ikibaki kuwaka na presha ni sawa, kihisi kimekufa betri au kwado amekivunja akitoa tairi. Gari linaendesheka, ila umerudi kwenye manometa kama sisi wengine.

Jambo moja kwa wanaopokea pikapu zilizopanda kutoka Mombasa au Dar es Salaam: Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na huku juu hewa ya nje inasukuma kidogo. Manometa itaonyesha kama kilo 0.15 zaidi ya ilivyoonyesha pwani kwa upepo ule ule. Hakuna kilichoharibika. Pima tu upya hapa, baridi, na uweke namba ya kibandiko.

Rimu za vipande

Malori madogo na baadhi ya pikapu za zamani zina rimu yenye pete ya chuma inayofungwa kwa nyundo. Hapo usijifunze peke yako. Pete isiyokaa vizuri inaruka wakati wa kujaza, kwa nguvu ya kuua. Ifungwe na mtu aliyezoea, tairi likiwa limefungwa kwa mnyororo au ndani ya wavu wa chuma, na usianze kugonga pete ikiwa tairi lina upepo.

Tairi la akiba

Liko chini ya bodi, limejaa matope ya msimu uliopita, na hakuna anayelipima. Lishushe mara moja kwa mwezi, walau ujue kama waya wa kulishushia haujashikwa na kutu. Litie presha ya mzigo kamili ya nyuma. Kulipunguza njiani ni rahisi, kuliongeza katikati ya mlima wa Masisi hakuna wa kukusaidia. Na beba ubao mnene wa kuweka chini ya jeki, maana changarawe ya lava inazama pole pole, na jeki inalala ukiwa umeshafungua boli ya mwisho.